Akiba Iliyofichwa Milimani: Desturi ya Wawindaji wa Marekani na Hukumu Yake

Kila mwaka, mwezi wa Agosti unapoelekea ukingoni na majani ya miti ya Milima ya Rocky yakiwa bado hayajageuka manjano, huonekana katika njia za Wyoming, Montana, Idaho na Colorado watu waliobeba mizigo ambayo hawakusudii kuitumia siku hiyo wala siku ya pili yake: ndoo zenye vifuniko vya kukaza, mifuko isiyopenya maji, mahema yaliyokunjwa, majiko madogo na vyakula vikavu vya juma zima. Hupanda navyo kwa saa nyingi, wakavificha penye msitu mnene au chini ya jabali, kisha wakateremka mikono mitupu kungoja msimu wa kuwinda ayala ufunguliwe. Nakusudia kuichambua desturi hii pande zake zote, yaani asili yake, manufaa yake, hatari zake, sheria zinazoihusu, na haki za watu na wanyama zinazoguswa nayo, kwa kuwa jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni hila ndogo ya kupunguza uchovu, limebeba ndani yake suala kubwa la namna mtu mmoja anavyopaswa kukitumia kitu ambacho ni cha wote.

Ayala anayewindwa katika milima hiyo ni yule mwenye masikio marefu kama ya baghala, mnyama wa jamii ya kulungu wa nchi za baridi, ambaye dume lake huota pembe za matawi kila mwaka na kuziangusha majira ya baridi yanapokaribia kwisha. Wakati wa kiangazi madume waliokomaa hukaa makundi makundi katika mabonde ya juu kabisa, mara nyingi zaidi ya mita 3,000 kutoka usawa wa bahari, ambako majani mabichi huota pale theluji ilipoyeyuka. Pembe zao wakati huo zimefunikwa ngozi laini yenye vinyweleo. Ifikapo mwanzo wa Septemba ngozi hiyo hukauka, wakaisugua vichakani mpaka ikatoka, na tangu hapo hupungukiwa na hamu ya kukaa peupe, wakaingia msituni na kuwa adimu machoni. Katika baadhi ya sehemu za magharibi ya Wyoming msimu wa bunduki huanza tarehe 15 Septemba, na tarehe hiyo hiyo huanza msimu wa mapema katika nyika ya Bob Marshall iliyoko Montana. Kwa hiyo mwindaji anayetamani kumkuta dume mkubwa kabla theluji haijamsukuma bondeni hana budi kuwa juu ya mlima, mbali na barabara, alfajiri ya siku ya kwanza.

Umbali huo haukuachwa kwa bahati. Umelindwa kwa sheria. Serikali ya Marekani inashika, kwa niaba ya raia wake, ardhi kubwa mno: misitu ya taifa ina ekari zipatazo milioni 193, na Ofisi ya Usimamizi wa Ardhi huangalia ekari nyingine zipatazo milioni 245, sehemu kubwa zikiwa katika majimbo ya magharibi. Sheria iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson tarehe 3 Septemba 1964 ilitenga ndani ya ardhi ya serikali maeneo ya nyika asilia, ekari milioni 9 kwa kuanzia na zaidi ya milioni 111 hivi leo, ambamo magari, pikipiki na baiskeli hazipiti, wala majengo hayasimamishwi. Mtu huingia humo kwa miguu yake au kwa miguu ya mnyama. Msomaji wa Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na msomaji wa Tanzania, ambako sehemu kubwa ya mapori ya kuwindia hugawanywa vitalu na kukodishwa kwa kampuni, huenda wakastaajabu kusikia kwamba huko raia wa kawaida, mwalimu wa shule au fundi wa magari, akiisha kukata leseni ya mnyama wake, ana ruhusa ya kuingia katika nyika hizo, kupiga kambi na kuwinda bila kumlipa mwenye shamba yeyote, ingawa Wyoming humlazimisha mwindaji wa wanyama wakubwa asiye mkazi wa jimbo awe na kiongozi ndani ya nyika asilia. Haki hiyo ya wote ndiyo inayoifanya desturi ya kuficha vifaa iwezekane, na ndiyo hiyo hiyo inayoiwekea mpaka.

Sasa tupime mzigo, maana hoja ya kwanza ya wanaoitetea desturi hii ni hoja ya uzani. Hema, mfuko wa kulalia, jiko, nguo za baridi, darubini, silaha na chakula cha siku 7, ambacho peke yake hufika kilo 5 au 6, jumla yake huweza kufika kilo 23 hata kwa mtu anayechagua vifaa vyake kwa hadhari. Kuupandisha mzigo huo mlima wa mita 1,000, katika hewa pungufu, aghalabu usiku ili kuwahi mapambazuko, humfikisha mwindaji akiwa hoi. Lakini akitanguliza kilo 12 mwezi wa Agosti, siku ya safari hubeba kilo 11 tu, akafika na nguvu zake, macho yake yakiwa makali na uamuzi wake ukiwa timamu. Faida hiyo isidhaniwe kuwa ni ya starehe peke yake. Mwindaji aliyechoka hutetemeka mkono, akapiga mahali pasipofaa, na mnyama aliyejeruhiwa huenda kufa mbali kwa mateso, nyama yake ikapotea bure. Kadhalika dhoruba ya theluji huweza kushuka juu ya milima hiyo hata katikati ya Septemba, na mtu aliyezingirwa na baridi kwa siku mbili, njia ikiwa haionekani, atashukuru kwa turubai, kuni kavu na unga wa shayiri alivyovitanguliza mahali anapopajua.

Hata hivyo hesabu hiyo haijakamilika mpaka tuifikishe siku ya kurudi, na hapa ndipo watetezi wengi hunyamaza. Dume aliyekomaa, akiisha kuchunwa na nyama kutolewa mifupani, humwachia mwindaji kilo 30 za nyama au zaidi, bila kuhesabu ngozi wala kichwa. Na sheria za majimbo mengi huona kuwa ni kosa kuiacha nyama inayolika ikaoza porini. Toa katika zile kilo 23 za kwanza chakula kilicholiwa, zikabaki 18. Zijumlishe na 30 za nyama, zikawa 48. Mzigo huo hauwezi kushushwa kwa safari moja na mtu wa kawaida, na jua la mchana wa Septemba halingoji; nyama yataka kivuli na upepo, na kila saa ina thamani. Mwindaji hulazimika kuitanguliza nyama, kisha arudi tena mlimani, akiwa amechoka na pengine theluji imekwisha kuanza, kwa ajili ya hema, jiko na ndoo. Basi akiba iliyofichwa mlimani haipunguzi mzigo hata kidogo; huugawa na kuuahirisha. Ni mfano wa deni: hurahisisha siku ya kukopa na kuilemea siku ya kulipa. Na kwa sababu siku ya kulipa ndiyo siku ya uchovu mkubwa kuliko zote, ndiyo pia siku ya kishawishi: kuiacha ndoo ilipo, kwa nia njema ya kuitumia mwakani. Nia hiyo, hata ikiwa safi namna gani, ndiyo inayoujaza msitu maturubai yaliyochanika, kamba zinazokata magome ya miti, na masufuria yaliyoshika kutu ambayo mwenyewe amehama jimbo, amezeeka au amekufa.

Desturi ya kuficha akiba ni kongwe kuliko taifa la Marekani. Wahidatsa na Wamandan, wenyeji wa kingo za mto Missouri katika nchi ambayo leo ni North Dakota, walichimba mashimo yenye umbo la kengele, shingo nyembamba na tumbo pana, wakaweka humo mahindi na mazao mengine yaliyokaushwa; na Wahidatsa walipohama kijiji cha kiangazi kwenda kijiji cha majira ya baridi katika misitu ya bondeni, waliyafukia na kuzifuta dalili zake ili maadui wasiyapore. Mwezi wa Juni 1805 Meriwether Lewis na William Clark, waliotumwa na Rais Thomas Jefferson kutafuta njia ya kuifikia bahari ya Pasifiki, walifanya kazi ya namna hiyo karibu na makutano ya mito Missouri na Marias. Lewis aliieleza kwa makini jinsi ilivyofanywa chini ya usimamizi wa Pierre Cruzatte, mmoja wa watu wa msafara wao: palichaguliwa mahali palipoinuka na pakavu, likakatwa duara la nyasi pamoja na udongo wake, shimo likashuka wima kisha likapanuliwa mpaka kina cha futi 6 au 7, udongo ukapokewa juu ya nguo na kutupwa mtoni usije ukaonekana, sakafu ikatandikwa vijiti vikavu na ngozi, na mwisho lile duara la nyasi likarudishwa mahali pake. Humo ziliwekwa zana za mhunzi, shoka, unga, chumvi na nyama ya nguruwe, na mashua moja ikafichwa kisiwani.

Kiangazi hicho hicho walifukia akiba nyingine juu ya maporomoko makuu ya Missouri. Lewis alipoifungua tarehe 13 Julai 1806, alikuta kwamba mto ulijaa maji yakaingia shimoni: ngozi zake za dubu zilikuwa zimeharibika kabisa, na vielelezo vya mimea alivyovikusanya kwa taabu vilikuwa vimepotea vyote, ingawa ramani ya Missouri ilisalimika. Akiba ya Marias nayo ilikuwa imeporomoka na mashua imeoza, lakini baruti, mahindi na chumvi havikudhurika sana. Wahenga walisema akiba haiozi, na kwa mali ya mtu iliyo chini ya macho yake usemi huo ni kweli; lakini kisa hiki cha kiongozi mwerevu, aliyesaidiwa na mafundi na kufuata kila sharti la kazi, chafundisha kwamba kitu kilichoachwa porini hakina mlinzi, na kwamba asiyeweza kuvumilia kukipoteza asikiache huko.

Maadui wa akiba ya mlimani ni wanne, na wa kwanza ni maji. Theluji, mvua na mafuriko ni maji yanayoonekana. Lakini yako pia yasiyoonekana, kwa kuwa joto la mchana na baridi ya usiku huifanya hewa iliyofungiwa ndani ya ndoo itoe umande, ukalowesha kiberiti na kuozesha mfuko wa kulalia uliojazwa manyoya ya bata. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, na chupa iliyojazwa pomoni hupasuka. Adui wa pili ni jua, ambalo katika miinuko ile huwa kali, likaudhoofisha uzi wa nailoni na plastiki ya turubai mpaka vikachanika kwa kuguswa. Wa tatu ni moto: Agosti ni mwezi wa misitu kuungua katika nchi za magharibi, na hata moto usipoifikia akiba yenyewe, wasimamizi huweza kuifunga njia, siku zikapita na mwenye mali akashindwa kuifuata kwa wakati.

Adui wa nne ni wanyama, na habari yao yataka maelezo marefu zaidi, kwa maana wao si waharibifu tu, bali ndio wenye kudhurika. Nungu wa Marekani hupenda chumvi kupita kiasi, akala mipini ya shoka, viatu vya ngozi na mikanda ya shanta iliyolowa jasho. Panya wa msituni huchukua vijiko, funguo na vitu vinavyometameta akavipeleka kwenye kiota chake. Na vipanya vidogo hulitoboa hema ili wapate nyuzi za kutandikia. Lakini mkubwa wao ni dubu. Pua yake humwongoza kutoka mbali mno, wala hafuati chakula tu: sabuni, dawa ya meno, mafuta ya taa, plastiki na sifongo za viti, vyote huvitafuna. Dubu aliyepata chakula cha watu mahali pamoja hurudi, akazoea, akaacha kuwaogopa wanadamu, na mwisho wa mazoea hayo aghalabu ni kuuawa na maafisa kwa ajili ya usalama wa watu. Dubu wakubwa aina ya grizzly wamelindwa na sheria ya shirikisho katika majimbo yaliyo kusini ya Kanada tangu mwaka 1975, na katika misitu wanamoishi, kama ile inayoizunguka Yellowstone na ile ya Bob Marshall, ziko amri zinazomlazimisha kila mtu kuweka chakula ndani ya chombo kisichovunjwa na dubu, au kukitundika angalau futi 10 kutoka ardhini na futi 4 kutoka kwenye shina la mti. Mwindaji anayeacha ndoo ya kawaida yenye uji na sukari kwa wiki tatu, akisema atabahatika, amemwekea dubu kitanzi pasipo kujua. Na akijua, dhambi yake ni kubwa zaidi.

Kutokana na hayo zimezaliwa kanuni za ufundi ambazo wazoefu wa milima hukubaliana nazo. Chombo kiwe kigumu, chenye mfuniko wa kukaza wenye mpira, na ndani yake ziwekwe pakiti za kunyonya unyevu. Viwekwe vitu visivyo na harufu na visivyo na thamani kubwa: turubai, kamba, sufuria, soksi za akiba, mifuko ya kuwekea nyama. Chakula, ikiwa lazima kiachwe, kiwe kikavu, na kiwe ndani ya chombo kilichothibitishwa dhidi ya dubu. Silaha na risasi zisiachwe kamwe, kwa kuwa bunduki isiyo na mlinzi ni hatari kwa mtoto na kwa mpita njia, na kishawishi kwa mwizi. Wala dawa ya ugonjwa ambayo maisha ya mtu yanaitegemea isiachwe. Mahali pawe mbali na njia na mito, mita 60 kwa uchache, pasiwe chini ya miti iliyokufa kwa wadudu wa magome, maana miti hiyo huanguka kwa upepo mdogo, wala pasiwe ndani ya bonde lile analokusudia mtu kuwinda, ili nyendo zake za Agosti zisiwafukuze madume waliotulia. Kuchimba kuepukwe kabisa, kwa sababu udongo wa miinuko huchukua miaka mingi kupona, na tena nchi ile ina mabaki ya kambi na makaburi ya mataifa ya wenyeji, ambayo sheria ya mwaka 1979 inakataza kuyafukua.

La mwisho katika ufundi ni kuifikia akiba na kupatambua mahali pake, nalo si dogo. Mwezi wa Februari 1911 msafara wa Kapteni Robert Scott uliweka ghala kubwa la chakula katika barafu ya Antaktika kabla ya kuzifikia nyuzi 80 za kusini, ambako lilikuwa limekusudiwa kuwekwa. Na mwezi wa Machi 1912 Scott na wenzake wawili walikufa hemani maili 11 tu kutoka ghala hilo. Roald Amundsen, aliyekuwa akishindana naye kuifikia ncha ya kusini ya dunia, alipanga bendera kushoto na kulia ya ghala lake la nyuzi 80, zikaikata njia yake, ili hata akipotoka katika ukungu akutane na mojawapo. Msitu wa Rocky si Antaktika, lakini theluji ya futi moja huubadilisha mlima hata mwenyeji akautilia shaka, na kifaa cha setilaiti kinachoonyesha mahali huzimika betri yake ikipigwa na baridi. Basi mwenye busara huandika majiranukta ya mahali juu ya ramani ya karatasi, akapiga picha za jabali na mti, na kumwachia mtu wa nyumbani nakala. Lakini hapigilii misumari wala hapaki rangi magome ya mti, kwa kuwa alama hizo hubaki baada yake.

Tukiingia katika sheria, twakuta kwamba jibu hutofautiana kwa kadiri ya mwenye kusimamia ardhi, na mlima mmoja huweza kuwa na wasimamizi watatu. Katika ardhi ya Ofisi ya Usimamizi wa Ardhi, kanuni hukataza kuiacha mali bila mtu kwa zaidi ya siku 10, isipokuwa Alaska, ambako muda ni miezi 12, au pale afisa alipotoa idhini. Katika misitu ya taifa ni marufuku kuitelekeza mali. Kukaa kambini kumewekewa kikomo, aghalabu siku 14 au 16. Na ndani ya nyika asilia wasimamizi wana mamlaka ya kutoa amri ya kukataza kuhifadhi vifaa kabisa, hata kwa siku moja. Katika hifadhi za taifa, ambazo nyingi haziruhusu uwindaji, mali haiachwi zaidi ya saa 24 ila kwa ruhusa. Kuangusha vifaa kwa ndege ndani ya nyika asilia ya misitu ya taifa ni kosa. Mtu aliyeficha vifaa vyake tarehe 20 Agosti akiwa na nia ya kuvitumia tarehe 15 Septemba amekwisha pita siku 10 kwa mbali, na vifaa vyake katika ardhi ya namna ile vyaweza kuchukuliwa na serikali; hawezi kudai kudhulumiwa. Kwa hiyo neno la kwanza la desturi hii, kabla ya ndoo na kamba, ni kwenda katika ofisi ya msitu wa wilaya ile na kuuliza.

Wako wanaosema kwamba sheria hizo ni nzito mno, kwamba ndoo moja iliyofichwa vizuri haimwumizi mtu, na kwamba nchi ya ekari milioni mia kadhaa ina nafasi ya ndoo nyingi. Hoja hiyo ina nguvu mpaka tuizidishe kwa idadi ya wawindaji. Mabonde yanayopendwa na madume wakubwa ni machache, na wanaoyajua huongezeka kila mwaka. Kila mmoja akiweka ndoo yake, nyika iliyohifadhiwa kwa sheria inageuka ghala kwa vitendo. Tena kifaa kilichoachwa hakikai kimya: humwambia anayekuja nyuma kwamba bonde hili limekwisha shikwa. Mwindaji mnyonge, aliyetembea usiku kucha na mzigo wake wote mgongoni, akilikuta hema limesimamishwa tangu wiki mbili zilizopita bila mtu ndani yake, huona haya au woga, akageuka. Na hivyo haki aliyopewa sawa na wenzake imechukuliwa pasipo neno lolote. Arizona, kwa kuanzia tarehe 1 Januari 2022, ilipiga marufuku kutumia kamera zinazofungwa mitini kwa ajili ya kuwinda, na sababu mojawapo ilikuwa hiyo ya usawa baina ya wawindaji na staha kwa mnyama. Naona kwamba kamera ile na hema lile tupu asili yao ni moja: vyote viwili ni njia ya mtu kuwapo mahali asipokuwapo, na kulimiliki bonde pasipo kulitokea jasho.

Inafaa pia kukumbuka kwa nini nyika hizo zilitengwa. Aldo Leopold, afisa wa misitu na mwindaji tangu ujana wake, aliandika mwaka 1921 kwamba nchi ibakize maeneo ambayo mtu aweza kusafiri humo wiki mbili na wanyama wa mizigo bila kukuta barabara wala kazi za mikono ya watu. Na miaka mitatu baadaye, mwezi wa Juni 1924, eneo la Gila katika New Mexico likatengwa kwa kusudi hilo, miaka 40 kabla ya sheria ya 1964. Waliotetea wazo hilo hawakuchukia uwindaji. Wengi wao waliupenda. Walichotaka ni kwamba ugumu wa njia uwe sehemu ya thamani ya safari, na kwamba atakayekuja kesho aikute nchi kama alivyoikuta wa leo.

Wala mwindaji hakosi njia nyingine. Wako wachukuzi wenye vibali, ambao kwa ujira humpandishia mtu kambi yake kwa farasi na baghala, wakarudi kuishusha kwa siku iliyoagizwa; wako wanaokodi lama, wanyama wapole ambao kila mmoja hubeba mzigo wa wastani na kula majani kidogo. Wawili wakienda pamoja, hema ni moja na jiko ni moja, na nyama ina mabega manne. Vifaa vya siku hizi ni vyepesi, na mtu anayejinyima anasa mbili tatu hupunguza kilo nyingi kuliko zile anazozificha. Asiye na fedha wala mwenzi, na awinde karibu zaidi, kwa sababu dume aliyeangushwa mahali ambapo mtu hawezi kumtoa kwa wakati ni hasara kwa wote.

Hukumu yangu basi ni hii. Kutanguliza vifaa mlimani ni halali pale tu masharti manne yanapotimia pamoja: msimamizi wa ardhi awe ameruhusu, na muda wake usipitwe, visiwemo chakula wala harufu vya kumpoteza dubu, visiwe dai la kulishika bonde mbele ya wengine, na viteremshwe vyote msimu huo huo, hata kama mwindaji hakupata kitu. Sharti la nne ndilo zito, na ndilo la kupimia mengine, kwa kuwa mtu huonekana tabia yake siku ya kurudi kuliko siku ya kwenda. Nawasihi wanaokata leseni mwaka huu, kabla ya kununua ndoo na kamba, wakae chini na kuihesabu safari ya mwisho, ile ya kupanda tena baada ya nyama kufika nyumbani. Na yule ambaye hana siku wala nguvu ya safari hiyo, asiache mlimani hata kigingi kimoja cha hema.